Nyaya Tatu Nyeusi

Mama alipiga simu Jumanne. "Nyafwono, taa imeanza tena."
"Imeanza nini?"
"Kukonyeza. Kama mtu anayenijua."

Nikaja toka Mbale na mkoba wa zana.
Walukuba, safu ile ile, mlango ule ule wa buluu,
maili chache tu toka bwawa linalozaa umeme,
na sebuleni mwetu umeme unaingia ukichechemea,
kama mgeni asiye na hakika kwamba amealikwa.

Nikaanza na vyepesi, alivyonifunza fundi Adriko:
usimsingizie Mungu kabla hujakaza balbu.
Nikakaza balbu. Ikakonyeza.
Nikatia nyingine, mpya, ya boksi. Nayo ikakonyeza.
Nikawasha na kuzima mara ishirini, sikio ukutani,
nisikie kama swichi inakwaruza.
Haikukwaruza.

Mama ana washukiwa wake:
mashine ya Isabirye ikisaga mahindi saa kumi na moja,
Drateru wa mlango wa pili na pasi yake,
mvua, popo, kampuni,
na Yaka, ambayo yuniti zake huisha upesi kuliko sukari.
Nikatoka nje. Kwa Drateru taa imetulia tuli.
Kwa Isabirye, tuli. Mita yetu haina neno.
Ugonjwa ni wa nyumba hii, basi, si wa mtaa.

Na jikoni? Jikoni shwari.
Chumbani na sebuleni ndiko zinakocheza,
kwa mpigo mmoja, mapacha wenye kwikwi.
Wawili wakiugua pamoja, ulizia walikokula pamoja.

"Tena kuna harufu," Mama akasema. "Ya mukene.
Nilidhani Drateru anaanika."
Drateru haaniki. Drateru hali samaki kabisa.

Nikashusha swichi kubwa. Nikapima kwa tesita, nikapima tena
(Adriko: waya huuawa mara mbili).
Meza, juu ya meza stuli,
na Mama akaishika miguu ya stuli kwa mikono yote
kana kwamba ingetosha.

Darini: vumbi, mavi ya popo, joto la mabati,
na kisanduku cha maungio, kifuniko kimejikunja
kama uso wa aliyeuma ndimu.
Ndani yake nyaya tatu nyeusi, zimesokotwa kwa vidole,
hakuna skrubu, hakuna tepu,
zimeviringwa kavera,
kavera ya kijani iliyoyeyuka ikawa gome.
Ndiyo iliyokuwa ikinuka samaki.
Joto likipanda, nyutro inalegea,
inagusa, inaachia, inagusa.

Nikamtukana fundi. Kwa sauti.
Mjinga gani huyu, nikasema, bahili gani wa shilingi mia tano,
anafunga umeme kwa mfuko wa duka
halafu watu walale chini yake?
Mama kimya.
Stuli ikatikisika kidogo.

Hapo nikauona msokoto.
Unakwenda kinyume, kwa kushoto.
Mimi natumia kushoto.
Na viatu vyangu vya kidato cha tatu
vilikuja nyumbani katika kavera ya kijani.
Likizo ile. Miaka kumi na sita, mwezi mmoja tu kwa Adriko,
nikamwambia Mama asilipe mtu, nitaunga mwenyewe.

Miaka kumi na mitatu.
"Mbona hukuita fundi?" nikauliza, bado natazama juu.
"Angeifungua," akasema, "halafu angesema maneno kama hayo."

Nikakata palipoungua mpaka nikafika shaba inayong'aa.
Nikatia kiungio cha skrubu, nikakaza,
nikauvuta kila waya kwa zamu, kwa nguvu,
kama mtu anayeng'oa jino.
Kifuniko kipya. Nikashuka. Nikapandisha swichi.

Taa ikawaka, ikakaa.
Mama akaitazama kwa muda mrefu.
"Imenyamaza," akasema,
na sikujua kama ni shukrani.

Sijakunja mkoba. Stuli bado iko juu ya meza.
Siku ile niliunga visanduku vitano.